"Nigeuzie Hii Iwe MSI" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Visakinishi

Wiki iliyopita alinijia kijana ofisini Mlandege, flashi mkononi, jasho linamtiririka. Ametengeneza kifurushi cha zana za kufundishia uandishi wa programu: kompaila ya C (inayogeuza msimbo kuwa programu), kihariri, maktaba kadhaa na mazoezi ya wanafunzi kwa Kiswahili. Kazi nzuri, wallahi, nimeifungua nikaiona. Shida ilikuwa sentensi yake ya kwanza baada ya salamu: "Kaka, kila kitu tayari, nigeuzie tu hii exe iwe MSI. Mteja anataka MSI." Exe na MSI ni aina mbili za faili la kusakinishia programu kwenye Windows. Kijana huyo ni wa nne tangu Ramadhani imalizike, na wote wamekuja na neno lile lile, "nigeuzie tu", kama mtu anayepeleka shati kwa fundi cherehani apunguziwe mikono.

Nafungasha programu mwaka wa kumi na moja huu. Naandika haya ili wa tano ayasome kabla hajapanda daladala. Nazungumzia Windows, maana ndiyo iliyojaa kwenye maabara na maofisi yetu, Unguja na Pemba. Wa Mac na Linux wana misiba yao.

Dhana: "Exe hugeuzwa ikawa MSI"

Haigeuzwi. Kisakinishi cha exe ni programu kamili: inajiendesha, inafungua mzigo wake, inanakili faili, inaandika kwenye rejista (daftari la mipangilio la Windows), na yote hayo kwa akili ya aliyeiandika. MSI haijiendeshi wala haina akili yake. Ni hifadhidata. Ukiifungua kwa chombo kama Orca unakuta majedwali: la faili, la vijenzi, la rejista, la njia za mkato, la hatua na mpangilio wake. Inayoyasoma majedwali hayo na kufanya kazi ni Windows Installer, huduma iliyomo ndani ya Windows yenyewe, iliyotoka mwaka 1999 pamoja na Office 2000. Wewe unaandika unataka kiwepo nini kwenye mashine. Huduma ndiyo inayojua kukiweka, kukikarabati na kukiondoa, kwa sababu imeambiwa kila kitu kabla haijagusa faili la kwanza.

Sasa hiyo "kugeuza" inayotakiwa, na zipo programu chungu nzima za kuifanya kwa dakika mbili, ni hivi: unaichukua exe nzima kama ilivyo, unaitia ndani ya MSI tupu, na kwenye jedwali la hatua unaandika amri moja, "endesha exe hii". Basi. Umemvisha paka kanzu na kofia ukampeleka mskitini. Kwa mbali anapendeza. Ngoja atoke panya.

Panya wa kwanza hutoka siku ya kuondoa. Kwenye orodha ya programu za mashine yanaonekana majina mawili yanayofanana, moja la MSI na moja la exe iliyojiandikisha yenyewe. Mtu anaondoa la MSI, Windows Installer inafuta ilichokiweka, nayo haikuweka kitu isipokuwa hiyo exe. Zana zote zimebaki pale pale. Toleo jipya likija linakalia mabaki ya la zamani, na ndipo maktaba ya mwaka juzi inapokutana na kompaila ya mwaka huu, wasielewane.

Wa pili ni kufuli. Windows Installer haikubali usakinishaji wa MSI mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa ile exe nayo ina MSI nyingine tumboni, kwa mfano kifurushi cha Visual C++ ambacho zana nyingi zinakihitaji, basi MSI ya nje imeshika kufuli na ya ndani inagonga mlango. Jibu lake ni kosa namba 1618: kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Mteja anakupigia simu akiapa kwamba hajafungua kitu kingine chochote, na anasema kweli.

Wa tatu ananichekesha mpaka leo. MSI inaposakinishwa kwa ajili ya mashine nzima, hatua zake za ndani mara nyingi huendeshwa kwa akaunti ya mfumo, wala si ya mtu aliyekaa kitini. Exe iliyozoea kuweka mipangilio kwenye folda ya mtumiaji itaiweka huko huko kama kawaida yake, ila safari hii mtumiaji mwenyewe ni mfumo. Nimewahi kukuta rangi za kihariri, fonti na mazoezi yote ya somo yamekaa kwa raha zake kwenye wasifu wa akaunti ya mfumo, chini ya C:\Windows, mahali ambapo hakuna mwanafunzi atakayekwenda kuyatafuta mpaka Kiyama.

Lakini kilichonifanya niuchukie kabisa mtindo huu ni umeme. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 wanakumbuka kisiwa kilivyokaa kiza mpaka Machi 2010. Siku hizi hatufiki huko, ila kukatika dakika kumi katikati ya kazi ni jambo ambalo fundi yeyote wa hapa analihesabu. Nilikuwa kwenye maabara moja Wete, kompyuta 22 za mezani, UPS hata moja hamna, zinasakinishwa zote kwa pamoja. Umeme ukakata.

MSI ya kweli inajua la kufanya. Kabla ya kubadilisha kitu inaandika hati ya kurudi nyuma, na vilivyokuwepo inavitunza kwenye folda iliyofichwa iitwayo Config.Msi. Umeme ukirudi ukaanza tena, inakuletea kosa 1704: kuna usakinishaji uliosimama njiani, lazima mabadiliko yake yatenguliwe kwanza. Unakubali, mashine inarudi ilivyokuwa, unaanza upya. Zile 22 zilikuwa na MSI ya kanzu. Windows Installer ikatengua sehemu yake, ambayo ni sifuri, ikaaga salama. Kompaila ilikuwepo. Faili za vichwa, ambazo kompaila huzisoma kabla ya kujenga programu, zilikuwepo nusu. Wiki nzima kompaila ikiwaambia wanafunzi kwamba stdio.h, moja ya faili hizo, haipo, na mwalimu wao, mtu mpole kweli kweli, akiwasihi waangalie tena kama wameandika jina sawasawa.

Hapo huulizwa: basi tuandike MSI ya kweli? Pengine. Lakini ujue masharti yake, kwa sababu zana za waandika programu zinagombana nayo kuliko programu ya duka au ya mishahara.

Namba ya toleo, kwanza. Windows Installer inalinganisha sehemu tatu tu za mwanzo, ya nne haiitazami. Ukitoa 2.4.1.7 kisha 2.4.1.8, kwake ni kitu kimoja, na usipoiambia vinginevyo utazikuta zote mbili kwenye orodha. Sehemu ya kwanza na ya pili hazivuki 255, kwa hiyo wapenda namba za miaka kama 2025.1 itawabidi waandike 25.1. Kisha idadi ya faili: jedwali la faili katika muundo wake wa kawaida linaishia 32,767. Kwa programu ya ofisi hiyo ni bahari. Kwa kifurushi chenye kompaila, vichwa, nyaraka na maktaba za Python, unaivuka hata hujatahamaki. Linaweza kupanuliwa, lakini mtu wa "nigeuzie tu" sijamwona akilipanua. Na kubwa zaidi ni kanuni za vijenzi. Kila kijenzi, yaani fungu la faili linalowekwa na kuondolewa kwa pamoja, kina kitambulisho cha kudumu. Ukikitumia kimoja kwa vitu viwili tofauti, au ukakibadilisha ovyo baina ya toleo na toleo, ipo siku utaondoa bidhaa moja na kuiua nyingine iliyokuwa haina kosa.

Kwa hiyo swali langu kabla ya kukubali kuandika MSI ni moja: kuna domeini (kompyuta zote chini ya seva moja inayozisimamia), na kuna mtu anayesambaza programu kwa Group Policy ya Active Directory, yaani kwa amri kutoka seva hiyo? Njia hiyo hutaka MSI, na hapo sina ubishi. Nitaiandika kwa WiX, zana ya kujengea MSI, kutoka mwanzo, faili kwa faili. Microsoft waliitoa WiX kwa umma mwaka 2004 na msimbo wake wazi. Inaandikwa kwa XML, na inakulazimisha ufikiri kila faili ni la kijenzi kipi. Taabu hiyo ndiyo faida yake. Kama kuna vitangulizi vya kusakinishwa pia, WiX ina Burn, exe ya nje inayoziita MSI moja baada ya nyingine bila kugombania kufuli. Angalia vizuri hapo: exe nje, MSI ndani. Ni kinyume kabisa cha ninachoombwa kila siku. Kisakinishi cha Python kwa Windows kilishika njia hiyo kuanzia toleo 3.5, mwaka 2015.

Na kama domeini hakuna? Wateja wangu wengi wana kompyuta kumi na tano na swichi moja ukutani. Chukua Inno Setup, zana ya kutengenezea visakinishi vya exe. Ni kazi ya Jordan Russell, ipo tangu 1997, skripti yake inasomeka, inabana vizuri, inaondoa ilichokiweka, na hiyo 32,767 haina habari nayo. Nikiambiwa "hiyo si ya kitaalamu" huwa namwonyesha mtu VS Code (kihariri cha Microsoft) na Git ya Windows, zote mbili zinakuja na Inno Setup. NSIS, iliyoanzishwa na watu wa Winamp, nayo inafanya kazi, na JetBrains wanaitumia. Mimi lugha yake naiona kama kushona kwa mguu, lakini hilo ni langu.

Mkubwa mmoja kwenye fani hii alinikatiza kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Shekhe, lichukue hilo jembe lako la mabonde ya Pemba ukalime kwenye mawe ya Makunduchi, kisha urudi unionyeshe mpini.

Dhana: "Toleo jipya lazima lifute la zamani"

Kwa programu ya duka, ndiyo. Mwandika programu anataka matoleo mawili au matatu yakae jirani kwa amani, kwa sababu mradi wa mteja wa mwaka juzi unajengwa kwa kompaila ya mwaka juzi, na mteja huyo hakulipi uuhamishe. Hapa ndipo zana zetu zinapoachana na programu za watu wengine, na ndipo panaposahauliwa.

Python imelitatua vizuri. 3.11 na 3.12 zinakaa kila moja kwenye folda yake. Lakini 3.12.1 ikija inakalia kiti cha 3.12.0. Mpaka huo ukiuiga hutojuta. Kwa MSI, kila mfululizo unaotaka ukae peke yake upe UpgradeCode yake na folda yake. Kwa Inno Setup ni AppId. Amua hayo kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu kitambulisho kikishatoka kwenda kwenye mashine za watu hukibadilishi tena bila kuacha mayatima nyuma.

Dhana: "Kisakinishi kidogo cha mtandaoni ndicho cha kisasa"

Yaani lile faili la megabaiti mbili unalolifungua, nalo ndilo linalokwenda kushusha mzigo wenyewe. Kwa aliyekaa Fumba na faiba ya ofisi, sawa. Sasa piga hesabu ya maabara: mzigo wa megabaiti 700 kwa kompyuta 20 ni giga 14, na kila mashine inashusha upya kitu kile kile. Kwa bando la nani? Mtandao ukikatika kwenye asilimia 90, vingi vya aina hiyo huanza tena sifuri.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba hukijui kilichoshushwa. Leo kimeleta toleo hili. Mwezi ujao seva imebadilishwa. Kompyuta kumi za Chake Chake zina toleo moja, kumi za Mkoani zina jingine, na mwalimu ni yule yule, anakwenda na kurudi kwa gari akifundisha somo moja ambalo kwa hawa linafanya kazi na kwa wale halifanyi.

Toa kisakinishi kamili kisichotaka mtandao. Siku zote. Ukiwa na hicho kidogo pembeni, kaa nacho. Visual Studio yenyewe, ambayo tangu toleo la 2017 husakinishwa vipande vipande kupitia mtandao, ina chaguo la --layout la kuushusha mzigo kwenye folda moja ukaubeba unakotaka. Mzigo wangu wa Pemba huvuka kwa boti kutoka Malindi, ndani ya diski ya nje, na alama yake ya SHA-256 (ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika) nimeiandika kwenye karatasi ndani ya mkoba. Nikifika naihakiki kwa certutil, imo ndani ya Windows, mstari mmoja tu. Vijana hunicheka. Mimi maabara yangu ya mwisho niliimaliza kabla ya adhuhuri.

Dhana: "PATH ni kuongeza mstari mmoja tu"

PATH ni orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu unayoiita kwa jina. Skripti ninazoletewa karibu zote huibadilisha kwa amri ya setx. Ajabu ya amri hii ni kwamba hukata maandishi yanayozidi herufi 1,024. Hutoa onyo, lakini ndani ya kisakinishi nani analiona? Tena wengi huiandika kwa namna inayochukua PATH yote, ya mfumo na ya mtumiaji, ikaibandika kwa mtumiaji, kwa hiyo inajaa mara mbili kabla haijakatwa. Kijana wa watu ana Java, Node, Git na Python. Kisakinishi chako kimeitia folda yako na kuzikata za wenziwe. Ataligundua hilo mwezi ujao, siku atakayoihitaji Java, na wala hatokumbuka kukushuku wewe.

Ukiwa huna budi, soma PATH ya mtumiaji peke yake kutoka kwenye rejista. Tazama kama folda yako imo, iongeze kama haimo, aina ya thamani iache REG_EXPAND_SZ kama ulivyoikuta, kisha uitangazie Windows kwamba pamebadilika. Inno Setup ina ChangesEnvironment kwa ajili hiyo. Siku ya kuondoa, toa kipande chako tu. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa kisakinishi andika kwa herufi za kuonekana: funga terminali, ufungue nyingine. Terminali (dirisha la kuandikia amri) iliyokuwa wazi haina habari na mabadiliko hayo. Nusu ya simu ninazopokea Jumatatu zingekwisha kwa sentensi hiyo moja.

Ushauri wangu wa kweli ni kwamba usiiguse PATH kabisa. Weka njia ya mkato inayofungua terminali iliyokwisha kutayarishwa, zana zote zimo, kama afanyavyo Visual Studio. Anayetaka PATH ya kudumu atatia alama kwenye kisanduku mwenyewe, na kisanduku hicho kiwe kitupu mwanzoni.

Zilizobaki nazipitia mbio mbio.

"Zipu ni ubabaishaji." Sikubali hata kidogo. Kwa kompaila isiyotaka huduma, rejista wala kiendeshi, zipu ni uaminifu: unaifungua, unatumia, ukichoka unafuta folda. Go na Node hutoa zipu pamoja na MSI. VS Code ya zipu ukiiwekea folda iitwayo data inabeba mipangilio yake yote, unatembea nayo kwenye flashi. Taabu ya zipu ni urefu wa njia: kwa kawaida Windows hugoma kwenye herufi 260, na mtu anayeifungua ndani ya "Mpya" iliyo ndani ya "Mpya 2" iliyo ndani ya folda za Desktop atafika huko bila ya taabu.

"Bila ya haki za utawala haisakiniki." Husakinika. Upakuaji wa kawaida wa VS Code huwekwa kwa mtumiaji mmoja, na Python kuanzia 3.5 vile vile usipochagua vinginevyo. Mwanafunzi kwenye kompyuta ya skuli hana nywila ya utawala, na aliyenayo yuko safarini. Tahadhari moja: folda ya mtumiaji hubeba jina lake, na jina likiwa na nafasi katikati, kama "Mwalimu Mkuu", zana za kizamani za aina ya make huchanganyikiwa. Ndiyo maana MSYS2, mkusanyiko wa zana za aina hiyo kwa Windows, hupendelea kukaa C:\msys64, fupi na bila nafasi. Kabla ya kumpa mtu kifurushi chako, kijaribu kwenye akaunti yenye nafasi katika jina. Wengi hawakijaribu, wananiletea mimi.

"Nikitia saini ya kidijitali, lile dirisha la bluu la onyo litaondoka." Si siku hiyo hiyo. SmartScreen, mlinzi wa Windows anayetoa onyo hilo, huangalia sifa pia, na sifa hujengwa na watu kupakua. Saini bado itie. Tangu Juni 2023 ufunguo wa kusainia msimbo unatakiwa ukae ndani ya kifaa maalumu, kwa hiyo ule mchezo wa kupeana ufunguo kwa WhatsApp umekwisha, alhamdulillahi. Tia na muhuri wa wakati, la sivyo saini inakufa siku cheti kinapomaliza muda wake. Na usiibane exe kwa UPX kisha ukashangaa antivairasi inakuita mwizi.

"MSIX imeziua zote." MSIX, aina mpya ya kifurushi kutoka Microsoft, ilitangazwa 2018, na kwa programu za kawaida ni safi: inaingia na kutoka bila kuacha takataka. Lakini folda yake ya usakinishaji imefungwa isiandikwe, na mengi inayoyaandika programu huelekezwa pembeni kwenye nakala yake binafsi. Zana inayojiongezea viendelezi ndani ya folda yake yenyewe itagota hapo. Nimejaribu mara mbili, nimerudi Inno Setup mara mbili.

Yule kijana wa flashi, tulimpigia simu mteja wake pale pale, spika wazi. Kompyuta kumi na nne. Domeini hana, wala hajui ni kitu gani. Nikamuuliza MSI anaitakia nini. Akakaa kimya kidogo, kisha: "Ile nyingine ina maswali mengi, mwanangu. Nabonyeza mbele, mbele, mbele, mara kumi na nne, na mimi nina watoto wa kufundisha." Alichokuwa akikitaka bibi wa watu ni usakinishaji wa kimya, na exe ya kijana, kwa kuwa ni ya Inno Setup, inao tayari: /VERYSILENT, na /NORESTART isiiwashe mashine upya. Ingekuwa NSIS ingekuwa /S, na hiyo S lazima iwe kubwa. Kijana akaiandika amri nyuma ya risiti ya umeme, na flashi ikarudi mfukoni kama ilivyokuja.